Kumbukumbu za Kikao Kisichofanyika

Eldoret,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Kwako Mjomba Kipkirui,

Pokea salamu zangu na za mwanangu Chebet, sisi ni wazima. Juzi Jumamosi nilikuwa Sugoi nikamkuta Mama anapalilia mahindi mwenyewe. Hataki kutafutiwa kibarua, anasema vibarua wa siku hizi wanapalilia simu. Anakusalimu na anakukumbusha kwamba una dada, ikiwa umesahau. Kiarie ameniambia huko Timboroa viazi vimechipuka vizuri, na kwamba kwa ile baridi unavaa koti la kazi hata kanisani. Ndiye atakayekuletea barua hii akirudi na lori lake tupu kutoka sokoni.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia. Simu ya kampuni ya pale getini uliirudisha na yako mwenyewe hujanunua, hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba wiki jana kampuni ilinipeleka kwenye mafunzo ya sheria za kazi, siku tatu, katika hoteli moja hapa mjini. Tulikuwa watu wa HR, yaani wa ofisi za wafanyakazi, ishirini na wawili, wa viwanda, wa shule, wa hospitali, na mama mmoja wa shamba la maua aliyelala siku zote tatu na bado akapewa cheti. Mwalimu wetu alikuwa wakili kutoka Kisumu anayeitwa Perez, mwembamba, hapazi sauti hata kidogo. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kisichoandikwa, mbele ya hakimu, ni vigumu kusema kilitokea. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mjomba, nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na nilidhani naijua. Siku ya pili akatufundisha kwamba huwezi kumfuta mtu kazi kwa kosa kabla hujamwita, ukamweleza kosa hilo kwa lugha anayoielewa, akaja na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe, na ukamsikiliza. Kumsikiliza kabisa, alisema, si kumwita aje achukue barua. Nikaandika, nikapiga mstari chini. Halafu nikaweka kalamu chini, maana nilikumbuka ile bahasha ya kaki yenye barua ya kukufuta kazi niliyokupa pale getini tarehe 17 Machi. Wewe umesimama, mimi nimesimama, na lori la kutoka Turbo linapiga honi tulifungulie.

Mchana tukaigiza. Mmoja akawa meneja, mmoja HR, na mimi nikaangukia kuwa mfanyakazi. Kosa langu kwenye karatasi lilikuwa kuacha mahali pa kazi bila ruhusa. Perez mwenyewe akaniuliza, "Una lolote la kusema?" Nikamwangalia tu. Watu wakadhani naigiza vizuri, wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo nimechanganyikiwa na sijui nianzie wapi. Naomba unijibu jambo moja. Kabla ya ile bahasha, kuna mtu yeyote aliyekuita akakuuliza kwa nini hukuwa getini ile Alhamisi, tarehe 13? Meneja, msimamizi wa zamu, mtu yeyote? Nijibu kwa kuandika.

Ni mimi binti ya dada yako,
Jerop


Timboroa,
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa Jerop,

Bwana asifiwe. Barua yako ya tarehe 19 imefika tarehe 31. Kiarie aliitia ndani ya gunia la mbolea ya mtu wa Ainabkoi, na huyo mtu akakaa na gunia akingoja mvua ipungue. Ilifika ikinuka lakini inasomeka. Hapa tuko salama. Mama Kiplimo ana kikohozi cha baridi ila hakimzuii kuongea. Viazi tumevipiga dawa mara mbili, na mvua ya mawe ilipita kwa jirani ikatuacha.

Chebet yuko aje? Umesema ni mzima na hukuongeza neno. Lile joto la mwili halijarudi? Mwambie babu yake bado ana nusu ya peremende aliyomgawia.

Sasa nije kwa swali lako. Nimelisoma mara tatu. Nikampa Mama Kiplimo, akalisoma mara moja na kunirudishia. Sielewi. Mwenye ofisi ya wafanyakazi ni wewe. Kama ningeitwa, wa kuniita angekuwa wewe. Kwa hiyo unaniuliza kama wewe uliniita, na hilo unalijua kuliko mimi. Labda kwenye mafunzo wanafundisha kuuliza hivyo. Basi ninaandika kama ulivyotaka: hapana, sikuitwa na mtu.

Kuna jambo la huku nililokuwa nimelinyamazia. Unajua nimekuwa karani wa kanisa letu miaka kumi na tisa. Hata nilipokuwa nalinda geti huko Eldoret nilipanda huku kila mwisho wa mwezi kuandika kumbukumbu za kikao. Mwezi wa nne wazee waliniomba kwa upole niwaachie kitabu kwa muda, mpaka mambo yangu yajulikane. Mtu fulani alisema askari hafutwi bure, kwamba lile lori lililotoka bila kuandikwa ile siku sikuwa getini lilibeba kitu cha wizi na mimi nikafumba macho. Mama Kiplimo naye, mke wangu mwenyewe, huniuliza, si kwa mdomo, huniuliza kwa namna anavyoweka sahani mezani.

Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja na miezi minne nistaafu. Kazi naweza kuishi bila hiyo, mgongo bado unainama shambani. Lakini kile kitabu kinaniuma, Jerop, sitakuficha. Ningependa mahali fulani paandikwe kwa nini sikuwa getini. Zaidi ya hapo sisemi.

Msalimie dada yangu, mwambie sijasahau.

Mjomba wako,
Kipkirui


Eldoret,
Jumatano, 18 Juni 2025

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa Mama Kiplimo na kikohozi chake. Chebet ameng'oka jino la pili, sasa anapiga mluzi akisema "shule". Huku mvua imepungua. Mama ameninunulia kuku wawili nisiowaomba, wanalala jikoni.

Ya kitabu cha kanisa nimeyasoma na nimeumia.

Jambo lenyewe ni hili. Katikati ya Agosti mkaguzi atakuja kutoka makao makuu kupitia mafaili ya wafanyakazi wote, mmoja mmoja. Nimelifungua lako. Kuna barua ya kufutwa kazi na hakuna kikao. Nilimweleza meneja yale tuliyofundishwa, kwamba faili kama hilo likifika kortini kampuni haina pa kusimama. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Si tulikupeleka training? Basi fix it." Nimeshinda na hiyo "fix it", hiyo "irekebishe" yake, wiki nzima, nikijaribu kuelewa alitaka nifanye nini, ingawa nadhani nilielewa palepale.

Nimekuwekea fomu ndani ya bahasha. Ni kumbukumbu za kikao cha kujitetea, zina nafasi za kujaza. Juu nimeandika Ijumaa, 14 Machi, chumba cha mikutano. Chini nimetia alama ndogo ya penseli mahali pa sahihi yako. Hakuna zaidi. Weka sahihi umpe Kiarie, yeye anajua ofisi yangu. Nisamehe kwa usumbufu.

Ni mimi,
Jerop


Timboroa,
Jumapili, 29 Juni 2025

Mpendwa Jerop,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako, pamoja na hao kuku. Safari hii Kiarie amejitahidi, barua imekaa njiani siku tano tu. Kikohozi kimehamia kwangu. Leo mhubiri alikuwa mgeni kutoka Burnt Forest, akahubiri saa mbili nzima, na kijana aliyepewa kitabu changu hakuandika hata andiko lililosomwa. Nilikaa juu ya mikono yangu nisimnyang'anye kalamu.

Fomu nimeiona. Jerop, nimeandika kumbukumbu za vikao zaidi ya mia mbili maishani na hii imenishinda. Nisaidie.

Tarehe inasema 14 Machi, na sisi tuko mwezi wa sita. Hiyo Ijumaa nilikuwa zamu yangu ya kawaida, nilifungua geti saa kumi na mbili asubuhi na nikalifunga jioni. Chumba cha mikutano sijawahi kukiingia, nilikuwa nakiona kwa dirisha nikipeleka magazeti. Fomu inasema nilikuja na mwenzangu niliyemchagua. Ni nani? Pale pameachwa wazi. Inasema niliulizwa kama nina la kusema, na hapo umepiga chapa wewe mwenyewe: "Mfanyakazi hakuwa na la kusema." Mimi ninayo ya kusema. Sijaulizwa tu.

Tena, kwa desturi yetu, kumbukumbu husomwa kwanza, zikathibitishwa na waliokuwepo, ndipo sahihi ikawekwa. Hizi nani atazithibitisha? Sikatai. Sina shida na wewe hata kidogo. Ila nikiweka sahihi sijui nitakuwa nimekubali nini, na kama kuna kikao kilifanyika mimi sipo, basi walimsikiliza nani?

Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu mzima asiyejua kompyuta. Fomu bado ninayo, nimeitia ndani ya Biblia isikunjamane.

Chebet hukuniambia habari za joto lake. Meno nimeyasikia.

Mjomba wako,
Kipkirui


Eldoret,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mjomba,

Salamu. Tuko sawa, Chebet yuko sawa. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, mafaili ni mia tatu na arobaini na niko peke yangu.

Mjomba, hiyo fomu ni utaratibu tu. Usiisome kama andiko. Mkaguzi anakuja na meneja ananiuliza kila asubuhi. Sina nafasi ya kueleza kila mstari na sidhani naweza. Yale yasiyoeleweka jaza unavyoelewa wewe, bora irudi na sahihi kabla ya Agosti.

Najua maswali yako ni ya haki. Naomba tu usiniulize sasa.

Jerop


Timboroa,
Jumapili, 27 Julai 2025

Mpendwa Jerop,

Nakusalimu kwa jina la aliyetufikisha mwisho wa mwezi. Tumeanza kuchimba viazi, ni vikubwa kuliko mwaka jana, nimekuwekea gunia moja kwa Kiarie na nusu ya mama yako. Kikohozi kimekwisha.

Uliniambia nijaze ninavyoelewa, nikashukuru, maana hilo nililielewa. Kikao kama hakijafanyika hakiwezi kujazwa, kwa hiyo tumekifanya. Nilimtumia Odera, yule wa mizani ya malori pale kazini, ujumbe kupitia kwa Kiarie, akapanda kwa siku yake ya mapumziko akiwa juu ya magunia matupu. Fomu yako nafasi zake zilikuwa ndogo, nimeongeza karatasi mbili. Ile alama ya penseli nimeifuta, nikaweka sahihi palepale ilipokuwa. Tarehe ya 14 Machi nimeikata kwa mstari mmoja, kama inavyotakiwa, ili ya kwanza ionekane.

Naweka hapa nakala, ya asili iko kwenye bahasha.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUJITETEA
Kilichofanyika Timboroa, sebuleni kwa mfanyakazi, Jumamosi, 26 Julai 2025, saa tano asubuhi.

Waliohudhuria: Kipkirui, mfanyakazi. Odera, wa mizani, mwenzake aliyemchagua. Mama Kiplimo, aliyesoma maswali ya mwajiri.
Walioomba udhuru: Hakuna.
Wasiohudhuria bila udhuru: Mwajiri.

1/2025. Kikao kilifunguliwa kwa maombi na Odera. Aliomba kwa Kijaluo kisha akatafsiri kwa kifupi.

2/2025. Kiti kimoja kiliachwa kwa ajili ya mwajiri. Odera aliuliza, "Mzee, na hii kitu tunafanya iko kwa sheria kweli?" Mfanyakazi alijibu kwamba ofisi ya wafanyakazi imeruhusu kwa barua ya tarehe 14. Barua ilisomwa.

3/2025. Mama Kiplimo alisoma kosa: kuacha geti bila ruhusa, 13 Machi, kuanzia saa nane na dakika kumi hadi saa tisa na nusu. Aliombwa asome bila ukali. Alisema anasoma kama ilivyoandikwa.

4/2025. Mfanyakazi alikubali kwamba hakuwa getini.

5/2025. Odera alieleza kwamba mfanyakazi alipita mizani akikimbia, akamwambia, "Niangalizie geti." Odera aliangalia, lakini lori likapanda mizani ikabidi alipime, na dereva akajifungulia geti akaenda. Lori hilo lilikuwa tupu. Karatasi ya mizani ipo, na inaonyesha tupu. Aliulizwa kwa nini hakusema mwezi wa tatu. Alijibu, "Nani aliniuliza?"

6/2025. Mama Kiplimo alisoma swali la mwisho: Mfanyakazi alikwenda wapi? Mfanyakazi alijibu kwamba alichukua pikipiki hadi shule moja ya Kapsoya, akamtoa mtoto mgonjwa, akamfikisha hospitali, akakaa naye mpaka sindano ikafanya kazi, akarudi getini.

7/2025. Mama Kiplimo aliuliza swali lisilo kwenye fomu: ni nani aliyemtuma. Mfanyakazi alisema alitumwa na mtu wa kampuni. Jina hakulitaja. Aliomba nafasi iachwe, kwa kuwa mwenye kujaza fomu analijua jina hilo na anaweza kuliandika mwenyewe akipenda. Nafasi imeachwa: ______________

8/2025. Mama Kiplimo aliweka fomu chini, akaingia jikoni. Kikao kilisimama kwa muda. Aliporudi alikuwa na chai.

Kikao kilifungwa kwa maombi saa sita na robo. Sahihi tatu ziko chini.

Jerop, sasa nasema nje ya kumbukumbu. Hujakosa kwangu mpaka nikuchukie. Ungenituma tena kesho ningekimbia. Fomu hii ni yako, ukiona itakuumiza itie motoni, sitauliza. Ila mimi sitaandika kwamba sikuwa na la kusema.

Mama Kiplimo tangu jana ananiwekea sahani kwa mikono miwili.

Mjomba wako,
Kipkirui


Eldoret,
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kwako Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika, Mama amechukua nusu yake na kulalamika kwamba vyangu ni vikubwa kuliko vyake. Chebet ni mzima. Joto lilirudi mara moja mwezi wa tano na tuliliwahi. Umeniuliza mara mbili, ya kwanza nikakuandikia habari za meno na za kuku, ya pili nikakwepa. Nilikuwa naogopa nikianza na joto nitamaliza na geti.

Kumbukumbu zako nilizisoma ofisini nikiwa nimefunga mlango. Nilicheka pale kwa mwajiri asiyeomba udhuru, halafu nikafika kwenye ile nafasi na nikalia.

Hatujawahi kuyasema haya mimi na wewe, kwa hiyo nayaandika. Tarehe 13 Machi, saa nane mchana, shule ilinipigia kwamba Chebet ameshikwa na degedege darasani. Nilikuwa kwenye mkutano na meneja. Nilitoka kwenye baraza nikapiga simu ya geti, nikakwambia, "Mjomba, kimbia." Ukaniuliza, "Na geti?" Nikasema hilo niachie mimi. Halafu nikarudi kwenye mkutano nikakaa. Ulipotuma habari kwamba ameamka na anataka peremende, nilifurahi mpaka geti likanitoka kichwani kabisa.

Ijumaa meneja alianza kuuliza nani aliruhusu askari aondoke. Nilifungua mdomo nikaufunga. Mwezi wa kwanza mimi mwenyewe ndiye niliyeandika ile memo kwamba yeyote atakayemtuma askari kwa shughuli zake binafsi atafutwa kazi. Iko ukutani hadi leo na sahihi yangu. Chebet ana mimi peke yangu. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu ndiyo niliyokuletea bahasha.

Nimekuwa na aibu miezi mitano, Mjomba, na nikaifanya aibu hiyo kuwa kazi nyingi. Hata yale mafunzo nilikuwa nakueleza kama mtu anayezunguka nyumba bila kubisha hodi.

Ile nafasi nimeijaza, kwa kalamu ya wino. Jumatano nikaipeleka kwa meneja pamoja na karatasi ya mizani, ambayo ilikuwepo kweli, iko kwenye boksi kule stoo, na inaonyesha tupu kama Odera alivyosema. Meneja alisoma kurasa zote. Akaniuliza Mama Kiplimo ni wa idara gani. Kisha akasoma tena mwisho, akanitazama, akasema, "Unajua umefanya nini?" Nikamwambia hilo ndilo jambo pekee ninalolijua mwaka huu. Akampigia wakili wa kampuni. Wakili akamwambia kwamba barua yako ya Machi haisimami, ufanyiwe kikao cha kweli, mbele ya mwajiri.

Kikao chako ni Alhamisi, 28 Agosti, saa tatu asubuhi, katika kile chumba ulichokiona kwa dirisha. Barua rasmi iko ndani, kwa Kiswahili, nimeiandika mwenyewe na wakili akaipitia. Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako. Odera ameshaomba ruhusa kabla hujamwita. Mimi sitakaa upande wa meneja. Nitaingia kama shahidi wako, niseme niliyokuandikia hapa, kisha nitoke.

Ndani kuna bahasha nyingine iliyofungwa, ni ya wazee wa kanisa. Usiifungue. Wapelekee tu.

Jambo la mwisho. Na mimi nimepewa barua yangu ya kuitwa, kwa ile memo. Siku hiyo hiyo, saa nne, chumba hicho hicho. Sijui nitatokaje. Usiku silali vizuri, lakini nalala. Nami pia naruhusiwa kuja na mwenzangu ninayemchagua, ila sheria inasema lazima awe mfanyakazi wa kampuni. Leo hii wewe si mfanyakazi. Lakini kama saa tatu wataifuta ile barua, saa nne utakuwa umeshakuwa.

Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Je, utakaa na mimi?

Binti ya dada yako,
Jerop


Timboroa,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Jerop,

Bwana asifiwe. Barua ilifika Alhamisi, Kiarie aliileta mkononi hadi mlangoni, sijui ulimwambia nini. Viazi tumemaliza kuchimba. Nimefurahi kujua ya joto, sasa Chebet awe anavaa kofia asubuhi.

Bahasha ya wazee niliwapelekea bila kuifungua. Wakaisoma leo baada ya ibada, mimi nikingoja nje. Hawakuniambia umeandika nini na sikuuliza. Yule kijana alinirudishia kitabu mbele ya watu, akaonekana kushukuru kuliko mimi. Karatasi hii nimeiwekea kitabu hicho chini yake ninapoandika.

Mpango wako wa tarehe 28 nimeusoma na bado unanichanganya. Saa tatu niko kiti cha kulaumiwa na wewe ni shahidi wangu. Saa nne wewe uko kiti kile kile na mimi niko pembeni yako, kama nitakuwa nimerudishwa, na kama sijarudishwa nitakuwa nje ya geti. Miaka kumi na tisa sijaona ajenda ya namna hiyo. Mama Kiplimo amenieleza mara mbili kwa kutumia vikombe.

Lile koti la kazi amelifua. Nitakuja na kalamu yangu. Andika jina langu.

Mjomba wako,
Kipkirui